Na Mwanamume Yuko Wapi?



Mama mmoja wa kijiji kilicho kando ya reli, si mbali na Kilosa mjini, alizaa mara tatu na kuzika mara tatu. Mtoto wa kwanza alizaliwa mfu, mimba ikiwa ya miezi saba. Wa pili aliishi siku mbili. Wa tatu naye alizaliwa mfu. Kati ya mazishi ya pili na ya tatu alipelekwa kwa mganga wa kienyeji, akachanjwa chale na kuambiwa kwamba mizimu ya upande wa mama yake imekasirika. Kisha akapelekwa kwa watu wa maombi, nao wakamtaka akiri dhambi za usichana wake. Kliniki ya wajawazito alikuwa akienda, lakini kila alipofika aliambiwa kwamba vipimo vimekwisha. Akiwa na mimba ya nne ndipo alipopimwa damu, ikaonekana kwamba ana kaswende. Alichomwa sindano ya penisilini siku ile ile. Mtoto wa nne yu hai, na tumempakata kwa mikono yetu.

Siku ya sindano muuguzi alimpa karatasi, akamwambia: "Mama, mpelekee baba, mwambie naye aje atibiwe." Mume aliisoma karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akauliza swali moja tu: "Ugonjwa huu umeutoa wapi?" Juma hilo hilo alimrudisha mkewe kwao. Hatujui kama yeye mwenyewe amekwisha kutibiwa. Tunajua kwamba ameoa tena.

Katika wilaya hii watu wamezoea kuiona Tume ya Haki na Amani pale wakulima na wafugaji wanapogombana. Hilo si ajabu, kwani hakuna aliyesahau watu 38 waliouawa Rudewa Mbuyuni Desemba 2000. Basi tulipotangaza kwamba safari hii tutazungumza juu ya magonjwa ya zinaa, walikuwapo waliocheka, na walikuwapo waliokasirika. Walituuliza: haki inahusiana nini na kisonono? Hayo si mambo ya daktari na ya padre wa kitubio?

Tunajibu kwamba yanahusiana sana. Ugonjwa unaotibika kwa sindano moja unapoua watoto watatu wa nyumba moja, na anayeadhibiwa kwa vifo hivyo akawa ni yule aliyeugua kimya, ilhali yule mwingine anaruhusiwa kuukunja ushahidi na kuutia mfukoni, jambo hilo limetoka katika mipaka ya hospitali. Ni dhuluma, na sisi sote tumeishiriki.

Tueleze kwanza magonjwa yenyewe, maana dhuluma hii inalelewa na ujinga. Kisonono hujitangaza kwa mwanamume: baada ya siku chache hutokwa na usaha na kukojoa kwa maumivu makali, hata akalazimika kutafuta dawa. Kwa mwanamke ugonjwa ule ule mara nyingi hukaa kimya. Klamidia ni kimya zaidi, nayo wanaume wengi huwa nayo bila kujua. Kimya hicho si cha usalama. Vijidudu hupanda hadi kwenye mji wa mimba na mirija ya uzazi, vikaiunguza na kuiziba, na miaka michache baadaye mwanamke anaitwa tasa. Katika nchi hii ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, ambako ukoo huhesabiwa kwa mama, tumbo lisilozaa ni msiba wa ukoo mzima. Wangapi wameachwa kwa utasa ambao waliletewa nyumbani na waume wale wale waliowaacha?

Kaswende ina hila zaidi. Huanza na kidonda kisichouma, ambacho kwa mwanamke huweza kujificha ndani asikione kabisa. Kidonda hicho hupona chenyewe hata bila dawa, na mtu humshukuru Mungu akidhani yamekwisha. Kumbe ugonjwa umeingia katika damu, na baada ya miaka mingi unaweza kuharibu moyo, ubongo na macho. Kwa mjamzito haungoji miaka. Watafiti waliofanya kazi Mwanza na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002 walikuta kwamba, miongoni mwa wanawake waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, mmoja katika kila wanne alizaa mtoto mfu. Watafiti hao hao walionyesha kwamba mama aliyepimwa mapema na kuchomwa dozi moja ya benzathini penisilini alikuwa salama sawa na mama asiye na ugonjwa. Tuliposoma habari hiyo tulikaa kimya kwa muda. Mizimu ya ukoo imesingiziwa mangapi katika milima hii!

Yako na mengine. Pangusa huleta kidonda kinachouma na mtoki kwenye kinena. Trikomona huleta uchafu na muwasho, na wanawake wengi huuvumilia wakidhani ndivyo walivyoumbwa. Malengelenge ya sehemu za siri hutulizwa kwa dawa lakini hayaondoki kabisa mwilini. Kirusi kiitwacho HPV ndicho chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi, na saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 msichana wa miaka 9 hadi 14 huchanjwa mara moja tu. Wazazi wanaowaficha binti zao siku ya chanjo kwa kuambiwa kwamba inafunga kizazi wajue kwamba wamedanganywa, na atakayelipa gharama ya uongo huo ni binti.

Magonjwa hayo hayapatikani kwa choo cha gesti, wala kwa kukalia kiti chenye joto la mwenzako. Hayaondolewi kwa kuoga mara baada ya tendo, wala kwa ndimu, wala kwa sabuni ya unga ambayo baadhi ya dada zetu hujiunguza nayo. Tena huufungulia UKIMWI mlango, maana kidonda na uvimbe hurahisisha kirusi kupita. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 yalitokea maambukizo mapya milioni 374 ya kisonono, klamidia, kaswende na trikomona. Yote manne yanatibika.

Hapo ndipo hasira yetu inapoanzia, kwa kuwa kinga na tiba vinajulikana, na katika nchi yetu wenyewe vilikwisha kujaribiwa. Kati ya mwaka 1991 na 1994, mkoani Mwanza, zilichaguliwa jumuiya 12 za vijijini. Katika sita kati yake, wahudumu wa zahanati zile zile zilizokuwapo walifundishwa kutambua magonjwa ya zinaa kwa dalili na kuyatibu siku hiyo hiyo, dawa zikapelekwa bila kukatika, wahudumu wakatembelewa na kusimamiwa, na wanavijiji wakaelimishwa. Halikujengwa hospitali kubwa wala hakukuwa na mitambo ya ajabu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizo mapya ya UKIMWI katika jumuiya hizo yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko katika zile nyingine sita. Tunakiri kwamba utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 1999, ambao uligawa dawa kwa watu wote kwa vipindi, haukupata upungufu kama huo. Wataalamu wamebishana sana juu ya tofauti hiyo, na wengi wao hueleza kwamba Rakai UKIMWI ulikuwa umekwisha kuenea mno. Lakini ubishi wao hauondoi ukweli kwamba kaswende ni kaswende na kisonono ni kisonono, na mgonjwa ana haki ya kutibiwa ugonjwa alio nao.

Sasa tutazame kwetu. Kwa nini Kilosa, na kwa nini Mikumi?

Wilaya hii imekuwa njia ya watu kwa zaidi ya miaka mia moja. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilipita Kilosa. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yaliletewa manamba kutoka mbali, wanaume waliolazwa katika kambi bila wake zao, wakahesabiwa kama mikono na si kama waume na baba. Kisha likaja tawi la reli linalotoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, kwenye nchi ya miwa. Ikaja barabara kuu ya Zambia, inayokatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Na tangu mwaka 2017, uliposainiwa mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Morogoro hadi Makutupora, kambi za wajenzi zilisimama chini ya milima ya Kilosa kutoboa mahandaki. Treni zilianza kwenda Dodoma mwaka 2024. Hatuilaumu reli, wengi wetu tumeipanda na kuifurahia. Tunasema tu kwamba kila mara mipango ilipofanywa, iliwekwa hesabu ya saruji, ya nondo na ya posho, na kila mara mke wa mfanyakazi alisahauliwa katika hesabu hiyo.

Ukifika Mikumi jioni utaona malori yamepangwa kandokando ya barabara, mengine yakienda Tunduma na kuingia Zambia hadi Kongo, mengine yakirudi Dar es Salaam. Dereva na utingo wake wamekaa wiki kadhaa barabarani, siku nyingine wamezimaliza katika foleni ya mpakani. Wamechoka, nao wana fedha mfukoni. Anayewapokea ni msichana aliyeletwa kutoka kijijini kuwa mhudumu wa baa, ambaye mshahara wake haumtoshi hata kodi ya chumba, na ambaye mwenye baa anajua fika kwamba haumtoshi. Mwenye baa huyo ameupanga mshahara hivyo kwa kuwa anajua utajazwa na nani. Wasichana hawa wametueleza wenyewe kwamba bei ya bila kinga ni kubwa kuliko bei ya kujikinga. Atakayetaka kumhukumu msichana kwa kuichukua kubwa, na amwulize kwanza mwanamume aliyeiweka mezani.

Nasi tunasemaje tunapopita pale? Tunasema: "Hawa ndio wanaotumalizia waume." Ni nani aliyemkokota mume wako hadi Mikumi akiwa amefungwa kamba? Twaikumbuka sote habari ya yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Bwana akisemekana kafumaniwa katika zinaa. Mafumanizi hayafanywi na mtu mmoja. Waliomkamata walimwona na mwenzake, lakini waliyemleta uwanjani ni mmoja tu, na mawe yalikuwa tayari kwa kichwa kimoja. Miaka elfu mbili imepita, na wilayani Kilosa bado tunaleta mmoja.

Hata utaratibu wetu wa afya, pamoja na nia yake njema, humleta mmoja. Mwanamke ndiye apimwaye, kwa sababu hubeba mimba na huenda kliniki. Siku hizi kipo kipimo cha haraka kinachotazama virusi vya UKIMWI na kaswende kwa tone lile lile la damu, na jibu hutoka kwa dakika zipatazo 20. Ni jambo jema sana. Lakini maana yake ni kwamba mke ndiye anayejua kwanza, na katika mawazo ya watu, anayejua kwanza ndiye aliyeleta. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, Namba 28 ya mwaka 2008, inamtaka anayetambua kwamba ana virusi amweleze mwenzi wake bila kukawia. Haki hiyo ya mwenzi tunaiheshimu. Hata hivyo, mzigo wa kuitimiza unamwangukia mwanamke asiye na shamba lake wala fedha zake, akimweleza mtu mwenye uwezo wa kumpiga na kumfukuza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta virusi kwa asilimia 5.6 ya wanawake na asilimia 3.0 ya wanaume wenye miaka 15 na zaidi. Wako wanaosoma tarakimu hizo na kusema: mnaona, wanawake ndio wenye ugonjwa. Wangeweza pia kuuliza ni nani aliyewaambukiza.

Vimezuka pia vijiji ambavyo, kwa kutaka waume wafike kliniki, mama anayekuja peke yake hurudishwa, au huambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba hana mume. Mume ndiye aliyekataa kuja, na mke ndiye anayenyimwa huduma! Tunaomba desturi hiyo ikome mara moja, popote ilipo. Kila juma analocheleweshwa mjamzito mwenye kaswende ni juma la hatari kwa mtoto.

Mwanamume naye huenda wapi? Huenda dukani. Ananong'ona, anapewa vidonge vya rangi mbili vya siku mbili kwa kuwa fedha imeishia hapo, usaha unakauka, na jioni yuko barabarani tena. Dozi nusu haiponyi. Huuficha ugonjwa na kuvifundisha vijidudu kuishi na dawa, na kisonono kimekwisha kuzishinda dawa kadhaa zilizokuwa zikikitibu zamani, hapa kwetu na duniani kote. Muuza duka anayeuza kapsuli nne kwa ugonjwa unaotaka dozi kamili, au unaotaka sindano, anajua anachokifanya.

Hatuna budi kujisema na sisi wa Kanisa. Fundisho la uaminifu katika ndoa na la kujizuia kabla ya ndoa tunalishika, na tunaamini kwamba kama lingetendwa na wote wawili, karatasi hii isingehitajika. Lakini tumelitumia fundisho hilo kama fimbo ya kumpigia aliyekwisha kuugua. Tumehubiri kwamba ugonjwa ni adhabu, na wagonjwa wametusikia, wakajificha. Tuliwahi hata kuwaambia watu kwamba kondomu zimetiwa virusi, au kwamba zina matundu ya kupitisha virusi. Huo ulikuwa uongo, na uongo haubadiliki kuwa fadhila kwa kutamkwa mimbarini. Ukweli wa kitabibu ni kwamba kondomu ikitumiwa ipasavyo kila mara hupunguza sana uambukizo wa UKIMWI, kisonono na klamidia, na hukinga kidogo zaidi dhidi ya malengelenge, kaswende na HPV, kwa kuwa ngozi isiyofunikwa hubaki wazi. Ukweli mwingine ni kwamba mtu mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa vizuri, hata virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Mwenye kuyajua hayo na kuyaficha kwa mke wa dereva hana haki ya kujiita mlinzi wa ndoa yake.

Ziko parokia zinazodai cheti cha UKIMWI kabla ya kutangaza ndoa. Sheria ile ya mwaka 2008 inataka upimaji uwe wa hiari, na hatuoni heri katika kumlazimisha mtu kwa kumnyima sakramenti. Washauriwe wachumba, waende wenyewe, tena wote wawili, wapime na kaswende. Ajabu ni kwamba kaswende, ambayo ingepona kabla ya siku ya harusi, hakuna anayeitaja.

Basi tunadai nini? Tunadai kwamba penisilini na vipimo visikosekane katika zahanati yoyote, ya Serikali au ya Kanisa, kuanzia Berega hadi Ruaha. Dawa hii ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Inapokosekana, aliyeshindwa ni mwenye kuagiza, na aulizwe katika kikao cha hadhara. Wenye malori, wenye mashamba na makandarasi tunawadai likizo za kweli na nyumba za familia, maana mtu anayemwona mkewe mara mbili kwa mwaka amewekwa majaribuni na mwajiri wake. Katika miaka ya 1990 AMREF ilifanya kazi ya kinga na tiba katika vituo vya malori vya barabara hii, ikaonekana kwamba wanawake wa vituo hivyo hufika kutibiwa wakipokewa kwa heshima. Tunataka zahanati za barabarani zifunguliwe jioni, saa ambazo malori husimama, na mhudumu asiulize kwanza mgonjwa anafanya kazi gani.

Na tunawadai wanaume. Baba, ukipewa karatasi ile na mkeo, usiulize ugonjwa umetoka wapi. Vaa shati, nenda naye. Mwenye kujiona hana ugonjwa atapimwa na kuambiwa hana, na kipimo hakimuumizi. Mwenye kuwa nao atachomwa sindano, na mkewe hataambukizwa tena baada ya kupona. Maana hilo nalo hutokea kila siku: mke anatibiwa peke yake, anarudi katika kitanda kile kile, na mwezi haupiti kabla hajaugua upya.

Mwezi ujao tutaanza kuzipitia jumuiya ndogondogo, kwanza zile za kando ya reli, kisha za Mikumi mjini. Muuguzi atakuwapo na vipimo atakuja navyo. Tumewaomba viongozi wa jumuiya wasituitie akina mama peke yao kama ilivyo desturi. Yule mama wa watoto watatu amekubali kuja kusimulia mwenyewe, kwa sharti moja: kwamba wanaume wakae mbele.